Somo la bakteria lianzie kwenye sufuria ya kiporo

Swali la bakteria katika mitihani yetu ya sekondari halina siri. Chora bakteria, onyesha sehemu zake, kisha taja magonjwa matano anayosababisha. Mwanafunzi mwenye kumbukumbu nzuri anaondoka na alama zote: ukuta wa seli, utando, ribosomu, mkia, halafu kipindupindu, kifua kikuu, taifodi, pepopunda, kaswende. Mwulize mwanafunzi huyohuyo kwa nini wali uliolala nje usiku kucha unaweza kumtapisha mtu hata kama asubuhi umepashwa moto mpaka ukafuka. Atakwambia haukupashwa vya kutosha. Wazazi wake watajibu hivyohivyo, na mama lishe wengi pia, na wote watakuwa wamekosea.

Mimi ni mtu wa maabara, na lalamiko langu ni hili: tunawafundisha watoto bakteria kama orodha ya maadui wenye majina ya Kilatini, halafu tunaacha mambo yanayoamua kama bakteria atamdhuru mtu au atapita tu. Wako wangapi? Wako wapi? Wanatoa nini? Orodha ya magonjwa husahaulika wiki moja baada ya mtihani. Maswali hayo mtu akiyazoea anayatumia jikoni, zahanati na kwenye duka la dawa mpaka uzeeni.

Tuchukue wali wenyewe. Kwenye mchele mbichi mara nyingi huwa kuna Bacillus cereus, bakteria wa udongoni anayekuja nao kutoka shambani. Hali ikiwa ngumu hujifungia ndani ya ganda, akawa kitu kinachoitwa spora, na spora huvumilia maji yanayochemka. Kwa hiyo wali unapoiva, bakteria waliokuwa macho wamekufa, lakini baadhi ya spora ziko hai. Wali ukiwa wa moto hazifanyi lolote. Shida huanza unapopoa polepole ndani ya sufuria kubwa iliyofunikwa. Katikati ya sufuria uvuguvugu hukaa saa nyingi, maji yapo, wanga upo, na bakteria wengine ambao wangegombania chakula hicho wameshauawa na moto. Spora zinaamka na kuanza kuzaana.

Hapo mwalimu achukue chaki. Tuseme saa 2 usiku kila gramu ya wali ina bakteria 100, na kwa joto la jiko la Dar es Salaam au Mombasa wanaongezeka mara mbili kila nusu saa. Saa 3 wako 400. Saa 4 wako 1,600. Mpaka hapo hakuna la kutisha, na mtu akila wali huo atalala salama. Saa 7 usiku wamefika 102,400. Saa 10 alfajiri wamepita milioni 6.5 kwa kila gramu moja. Hesabu hii wanafunzi waifanye wenyewe kwenye madaftari, hatua kwa hatua, bila kikokotoo, ili waone jinsi saa za mwanzo zinavyodanganya.

Wakishafika idadi hiyo, baadhi ya aina za Bacillus cereus hutengeneza sumu iitwayo sereulidi. Moto wa asubuhi utawaua bakteria, lakini sumu waliyokwisha kuitoa haijali. Imejaribiwa maabara kwa nyuzijoto 121 kwa saa moja na nusu na ikabaki na nguvu zake. Jiko la mkaa haliwezi kufika huko. Mlaji hutapika kati ya nusu saa na saa sita baada ya kula, kwa kawaida hupata nafuu ndani ya siku moja, na lawama humwendea aliyepika mboga. Uingereza waliutambua ugonjwa huu mwanzoni mwa miaka ya 1970 kutokana na wali wa kukaanga wa migahawa ya Kichina, uliokuwa ukichemshwa kwa wingi na kuachwa nje mpaka kesho yake.

Sisemi watu waache kiporo. Pilau la jana na chai ya rangi asubuhi ni haki ya mtu, na siku nyingi hakuna linalotokea kwa sababu si kila mchele una aina inayotoa sumu hiyo. Wali uliobaki utandazwe kwenye sinia upoe haraka, kisha uingie kwenye friji ndani ya saa mbili. Asiye na friji apike wa kutosha mlo mmoja. Ushauri huo umebandikwa kwenye mabango ya afya kwa miaka, na watu wanaupita. Aliyeziona namba zikipanda kutoka 100 hadi milioni haupiti hivihivi.

Ukubwa wa bakteria uje baada ya idadi. Escherichia coli, mkaazi wa kawaida wa utumbo wetu, ana urefu wa maikromita 2 hivi, kwa hiyo ndani ya milimita moja ya rula wanaweza kujipanga 500 kwa mstari mmoja. Antonie van Leeuwenhoek, muuza vitambaa wa Delft huko Uholanzi, aliwaona bakteria kwa lenzi alizozisugua mwenyewe, na mwaka 1683 aliiandikia Royal Society ya London kuhusu wale aliowakuta kwenye utando mweupe aliokwangua katikati ya meno yake. Aliwachora, na hakuwahusisha na ugonjwa wowote. Ilipita karibu miaka 200 ndipo Robert Koch, daktari wa Kijerumani, akaonyesha mwaka 1876 kwamba kimeta kinaletwa na bakteria mmoja maalumu, na mwaka 1882 akaonyesha vivyo hivyo kwa kifua kikuu. Vitabu vya shule huanza na Koch. Ningependa vianze na yale meno ya Leeuwenhoek, kwa sababu michoro ya mwanzo kabisa ya bakteria ilitoka kwenye kinywa cha mtu mzima wa afya.

Na walioko kinywani ni sehemu ndogo tu. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2016 yanasema mwili wa mtu mzima una bakteria wapatao trilioni 38 na seli zake mwenyewe zipatazo trilioni 30, idadi zinakaribiana. Ile kauli kwamba bakteria wanatuzidi mara kumi, ambayo bado naikuta kwenye madaftari, ilikuwa makisio ya zamani yaliyonakiliwa bila kukaguliwa. Wote hao kwa pamoja wana uzito wa gramu 200 hivi, na karibu wote wako kwenye utumbo mpana. Huko wanavunja nyuzinyuzi ambazo sisi hatuwezi kuzimeng'enya, wanatengeneza vitamini K, na wanashika nafasi ambayo wageni wabaya wangeipata.

E. coli huyohuyo akitoka kwenye utumbo akaingia kwenye njia ya mkojo analeta maumivu na homa. Hajabadilika tabia, amehama mahali. Staphylococcus aureus amekaa kimya puani mwa takriban mtu mmoja kati ya watatu, na akiingia kwenye kidonda cha upasuaji anaweza kuua. Lakini mfano ninaoupenda zaidi kwa wanafunzi ni pepopunda, kwa sababu unawalazimisha kufikiri. Spora za Clostridium tetani zimejaa kwenye udongo na samadi. Watoto wanacheza juu yake kila siku, wanazila pamoja na vumbi, na hawaugui. Bakteria huyu hawezi kukua penye oksijeni. Mpe tundu jembamba la msumari lililoingia ndani kabisa ya unyayo, au kitovu cha mtoto mchanga kilichokatwa kwa wembe mchafu na kupakwa samadi, na amepata chumba kisicho na hewa. Mchubuko mpana wa goti unaotoa damu nyingi unatisha kwa macho kuliko tundu la msumari, na hatari ya pepopunda iko kwenye tundu.

Pepopunda pia inaonyesha kwamba kinachoua ni kinachotolewa. Bakteria wanabaki palepale kidondani, pengine wachache tu, lakini sumu yao inasafiri kwenye neva na kuzuia misuli isilegee. Taya linafungwa, mgongo unapinda. Sumu hiyo ni kali kiasi kwamba kipimo kinachotosha kuua ni kidogo mno kuuamsha mwili utengeneze kinga. Ndiyo sababu aliyeugua pepopunda akapona bado anapaswa kuchanjwa, jambo linalowashangaza hata wauguzi wapya. Na chanjo yenyewe haina bakteria ndani yake: ni sumu iliyoondolewa makali.

Kipindupindu ndicho ugonjwa ambao wanafunzi wa Afrika Mashariki wanausikia zaidi redioni, na bado wanauelewa vibaya. Wengi wanadhani Vibrio cholerae anakula utumbo. Hauli. Anajishikiza kwenye ukuta wa utumbo mwembamba na kutoa sumu, ambayo S. N. De aliithibitisha mjini Calcutta mwaka 1959. Sumu hiyo inaziamuru seli za utumbo ziachie chumvi, na maji yanaifuata chumvi. Mgonjwa anaweza kupoteza lita moja kwa saa. Utumbo wenyewe uko salama, na njia nyingine ya kupitisha chumvi kurudi mwilini bado iko wazi, ile inayobeba sukari na chumvi pamoja. Mpe maji matupu, yatapita. Mpe maji yenye sukari na chumvi kwa kiasi sahihi, yataingia. Nyumbani ni vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kufuta, kwenye lita moja ya maji safi. Chumvi ikizidi inadhuru. Mwaka 1971, katika kambi za wakimbizi wa vita vya Bangladesh huko Bongaon, Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu akagawa mchanganyiko wa aina hiyo kwa ndoo, na vifo vikashuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4. Hakumuua bakteria hata mmoja.

Historia ya kipindupindu imepita kwetu mapema. James Christie, tabibu wa Kiskoti aliyefanya kazi Unguja, alikiona kikiingia mwaka 1869 na kuua maelfu ya watu, akaanza kuwahoji wafanyabiashara, mabaharia na wenye misafara ili kujua kilikopita. Alifuatilia njia yake kutoka upande wa Bahari ya Shamu, kupitia bara na nchi ya Wamasai, hadi pwani, na mwaka 1876 akachapisha kitabu kizima juu ya milipuko ya Afrika Mashariki. Koch hakuwa bado amekwenda Misri na Calcutta kumsaka bakteria wa kipindupindu. Hilo lilifanyika 1883 na 1884. Christie alijua njia bila kumjua msafiri. Mwalimu wa biolojia na wa historia wangeweza kulifundisha hili kwa kipindi kimoja wakiwa pamoja, kama ratiba zetu zingewaruhusu kukutana.

Kuna ugonjwa mwingine wa bakteria ambao vitabu vya shule vinauruka, ingawa sehemu kubwa ya habari zake ilifumbuliwa kwenye ardhi hii: homa ya papasi. Papasi ni kupe laini anayejificha kwenye nyufa za sakafu ya udongo na kuta za nyumba. Hutoka usiku, hunyonya kwa dakika chache, kisha hurudi ufani, kwa hiyo aliyeumwa asubuhi hamwoni aliyemuuma. Anaweza kukaa miaka bila kula. Mwaka 1905 Koch alikuwa katika koloni la Kijerumani la Afrika Mashariki akikagua vibanda vya mapumziko kando ya njia za misafara, ambako wapagazi walilala chini usiku baada ya usiku. Alimkuta papasi, akamkuta ndani yake bakteria mwenye umbo la kizibuo, na akaonyesha kwamba papasi jike humpitisha bakteria huyo kwenye mayai yake, kiasi kwamba papasi wadogo huzaliwa tayari wamembeba. Mwaka huohuo, upande wa pili wa Ziwa Tanganyika, Joseph Everett Dutton wa Liverpool alikuwa akichunguza ugonjwa huohuo mashariki mwa Kongo. Ulimpata mwenyewe. Alifariki Kasongo mwezi Februari, akiwa na umri wa miaka 30, na bakteria akaitwa kwa jina lake, Borrelia duttonii.

Homa hii hupanda kwa siku chache, ikakatika, mgonjwa akasema amepona, kisha baada ya wiki hivi ikarudi, na inaweza kurudi tena na tena. Kinachotokea ndani ya damu kinafaa kuoneshwa ubaoni. Mwili unatengeneza kingamwili zinazolitambua vazi la nje la bakteria, na karibu wote wanauawa. Lakini miongoni mwa mamilioni hayo wapo wachache waliobadilisha protini za vazi lao, na kingamwili haziwatambui. Hao wachache wanazaana mpaka wanajaa, homa inarudi, mwili unatengeneza kingamwili mpya, na mchezo unaanza upya. Mwanafunzi anayefundishwa mageuzi ya viumbe kwa mifano ya ndege wa visiwa vya mbali anaweza kuyaona yakitokea kwa mgonjwa mmoja ndani ya mwezi mmoja.

Sakafu za saruji zilipoenea, papasi walipungua, na hapo hakuna dawa iliyohusika. Hawakwisha. Huko Mvumi, mkoani Dodoma, madaktari walikuwa bado wanaukuta ugonjwa huu miaka ya 1990, hasa kwa watoto na wajawazito, na mara nyingi kwa watu waliokwisha kutibiwa malaria bila mafanikio. Bakteria alikuwa akionekana kwenye kioo kilekile cha damu kilichotengenezwa kwa ajili ya malaria, kama mtazamaji alijua cha kutafuta.

Hilo la kuona kwa macho ndilo pengo kubwa. Wanafunzi wengi wanamaliza somo hili hawajamwona bakteria wala athari yake, na jibu tunalopewa kila mara ni kwamba shule haina vifaa. Koch mwenyewe alianza na viazi. Kabla ya jeli za maabara alikuwa akikata kiazi ulaya kilichochemshwa na kuangalia madoa yanayoota juu yake, kila doa likiwa ukoo wa bakteria mmoja. Agari, ambayo leo iko katika kila maabara, ilipendekezwa mwaka 1881 na Fanny Hesse, mke wa msaidizi wa Koch, aliyekuwa akiitumia jikoni kugandisha jeli. Agari inatokana na mwani. Msomaji wa Zanzibar asiharakishe kufurahi: mwani unaolimwa Paje na Jambiani ni wa jamii nyingine, unaotoa karagini, kitu kinachogandisha pia lakini si kile tunachokitumia kwenye sahani za kuoteshea.

Kwa shule isiyo na kitu, viazi vinatosha. Chemsha viazi na maganda yake, vikate kwa kisu kilichochemshwa, weka kila kipande kwenye chupa ya jamu iliyochemshwa pamoja na kifuniko chake. Kipande kimoja kiguswe na kidole cha mwanafunzi aliyetoka uwanjani, cha pili kidole kilichooshwa kwa sabuni, cha tatu kisiguswe kabisa. Siku ya pili au ya tatu madoa yataonekana: meupe, ya njano, mengine yenye manyoya, ambayo ni kuvu na si bakteria. Msishangae kidole kilichooshwa kwa sekunde tano kikitoa madoa karibu sawa na kichafu. Chupa zikishafungwa zisifunguliwe na mtu yeyote darasani. Mate, makohozi na chochote cha chooni visiwekwe kabisa, maana mnaweza kuotesha jambo msilolitaka. Mwisho wa yote mwalimu azichemshe kwenye sufuria ya presha kabla ya kutupa.

Shule yenye hadubini moja nayo ifanye la mtindi. Tone dogo lililopakwa kwenye kioo, likakaushwa na kutiwa rangi ya bluu ya methilini, linaonyesha vijiti na minyororo ya bakteria waliofanya maziwa yagande. Asidi yao ndiyo inayowazuia wengine wasikue. Togwa hufanya kazi kwa njia hiyohiyo, na si maneno ya bibi peke yake: utafiti uliofanyika Tanzania na kuchapishwa mwaka 1999 ulikuta bakteria waletao kuhara wakipungua kwenye kinyesi cha watoto wadogo waliokuwa wakilishwa uji uliochachushwa. Ningeliweka jaribio hili siku ya kwanza kabisa ya mada, kabla jina la ugonjwa wowote halijatajwa.

Nimeyaacha mambo ya dawa mwisho kwa sababu hayaeleweki bila hayo yaliyotangulia. Kwanza lile la msingi: malaria inaletwa na protozoa, mafua yanaletwa na virusi, na amoksilini haimgusi yeyote kati yao. Inachofanya kwa mtu mwenye mafua ni kuua bakteria wa utumboni wasio na hatia na kuwaachia nafasi wale wachache wanaoihimili. Hao wanazaana, na kwa kuwa bakteria wanaweza kupeana vipande vya vinasaba hata kati ya aina na aina, usugu uliokuwa kwa mkaazi mpole wa utumbo unaweza kesho kuwa kwa bakteria wa ugonjwa. Wataalamu wa Tanzania wanaliita tatizo hili UVIDA, yaani usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Duniani kote, kwa mwaka 2019 peke yake, makadirio ni kwamba usugu wa bakteria ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27.

Mitaani Tanzania jina lake ni "UTI sugu", yaani maambukizi ya njia ya mkojo yasiyosikia dawa. Kila duka la dawa linalijua, na vijana wa kike hasa wanatembea nalo kama utambulisho. Usugu upo, tena wa kutisha. Lakini sisi wa maabara tunajua pia kwamba baadhi ya UTI hizo zimezaliwa ndani ya kikopo. Mkojo ukioteshwa, kanuni ya kawaida ni kwamba bakteria 100,000 au zaidi kwa kila mililita ndio wanaohesabiwa kuwa ugonjwa. Wachache zaidi mara nyingi ni wa ngozi, walioingia wakati wa kukojoa. Mgonjwa asipoambiwa achukue mkojo wa katikati, kikopo kinaweza kuwa na bakteria 1,000 kwa mililita, ambao si kitu. Kikopo hicho kikisafiri kwenye mkoba, kikakaa mezani saa nne kikisubiri zamu yake kwenye joto la Dar es Salaam, wakaongezeka mara mbili kila nusu saa, wamefika 256,000. Majibu yanaandikwa, dawa zinanunuliwa, maumivu yaliyomleta mgonjwa hayaondoki kwa sababu chanzo chake kilikuwa kingine, na anaambiwa UTI yake imekuwa sugu. Kikopo kilipaswa kufanyiwa kazi ndani ya saa mbili au kuwekwa kwenye friji. Anayepeleka mkojo maabara ana haki ya kuuliza utawekwa wapi.

Kifua kikuu kinaenda upande wa pili kabisa wa kasi. Bakteria wake hugawanyika mara moja kwa takriban saa 20, muda ambao E. coli kwenye hali nzuri anaweza kupitisha vizazi 60. Dawa nyingi hushambulia bakteria anapokuwa kazini. Anayefanya kazi polepole, na mara nyingine kulala kabisa, hukwepa. Miezi sita ya matibabu inatokana na hapo. Wagonjwa wengi hawajawahi kuelezwa hivyo. Wameambiwa tu wasiache.

Na kwa nini dawa nne kwa pamoja? Tundu moja kwenye pafu la mgonjwa linaweza kuwa na bakteria milioni 100. Anayehimili isoniazidi kwa bahati ya mabadiliko ya vinasaba hutokea takriban mara moja katika kila milioni, kwa hiyo ndani ya tundu hilo wapo kama 100 kabla mgonjwa hajameza kidonge cha kwanza. Mpe isoniazidi peke yake na hao 100 ndio watakaobaki na kulijaza tundu upya. Uingereza waliliona hilo kwa streptomaisini: katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 1948 wagonjwa walipata nafuu ya haraka, kisha wengi wao wakakutwa na bakteria wasiosikia tena dawa hiyo. Rifampisini nayo hushindwa na mmoja kati ya takriban milioni 100. Ili bakteria mmoja ahimili zote mbili kwa wakati mmoja, zidisha: mmoja kati ya trilioni 100, na tundu halina idadi hiyo. Kidonge cha miezi miwili ya kwanza kina zote mbili, pamoja na pirazinamidi na ethambutoli, na zimefungwa ndani ya kidonge kimoja ili mgonjwa asiweze kuchagua kumeza hii na kuacha ile.